Mlango wa Bi Sikujua

Umeletwa asubuhi kwa mkokoteni, hapa Keko,
mlango wa mninga, bawaba moja hakuna.
Nyumba ya Vingunguti imepigwa alama nyekundu,
na mjukuu wake, Pazi, anataka meza ya chipsi.
"Piga randa, fundi. Hayo madoa yatoke."
Akaacha kishika uchumba, elfu kumi, akaondoka.

Nimeugeuza upande wa ndani, juani.
Nimeiweka randa chini.

Bi Sikujua hakujua kalamu.
Lakini kila aliporudi kwa mzazi, alfajiri,
kabla hajakaa, kabla hajauliza chai,
alitia msumari kwenye mkaa mpaka ukaiva mwekundu
akachoma mstari nyuma ya mlango wake.
Mstari mmoja, mtoto mmoja.
Mistari iliyoshikana, Kulwa na Doto.
Na kitone, kitone tu,
ni yule asiyengoja hata adhana ya sikioni.

Kuna matundu matatu.
Hayo ameyachoma mpaka upande wa pili,
jua linapita, linaanguka kwenye unga wa mbao.
Sina wa kumuuliza.
Nadhani hao ni mama.

Mstari wa kwanza uko juu, anapofika mtu kijana
aliyenyoosha mkono. Ya mwisho iko chini,
usawa wa kigoda. Mgongo ulikuwa umemwinamisha.
Katikati imo miaka ya foleni,
sabuni ilipopotea madukani akanawa kwa majivu
na ndimu, akakata vitovu kwa wembe aliouchemsha
kwenye sufuria ileile ya uji wa pilipili manga.
Wakaja wa semina, wakampa sanduku la bati:
nyembe, uzi, mpira wa kutandika, soda mbili.
Wakaja wengine, sanduku likarudishwa.
Marufuku. Wazazi wote hospitali.
Hakubisha. Alijua matundu yake ni mangapi.
Akawa anawasindikiza tu, usiku, mpaka Amana,
kanga kiunoni, anabaki nje ya geti
akisikiliza kilio kipi ni cha kwake.
Mistari ya chini ni nusunusu,
imekwaruzwa kwa msumari baridi.

Mama yangu, Mwanaheri, alikuwa akisema:
wewe ulifuata wale watatu wa Binti Kidunda,
mtaa mzima ulijaa kuwatazama, nami nalala na uchungu
hakuna wa kunichotea maji.
Basi nimewatafuta. Wako hapa, watatu,
wameshikana kama watoto wanaovuka barabara.
Anayefuata ni mimi.

Anayefuata ni kitone.

Nimefuta kwa kiganja. Nimefuta kwa mate.
Nimewaza nimehesabu vibaya, nikaanza tena juu,
nikafika palepale.
Ndipo nikaona: kitone kina mkia.
Msumari umerudi, siku hiyohiyo au kesho yake,
ukaanzia kwenye shimo dogo jeusi
ukavuta mstari kwenda chini, mrefu kuliko yote,
umepinda, kama mkono ulitetemeka
au ulicheka.

Mama aliniita Mashaka.
Miaka yote hii nimeitika
bila kuuliza ni mashaka gani.
Nani aliyekuwa anakata sanda nilipokohoa?
Nani alikimbia kumwita mkunga arudi?
Mama yuko Kisutu chini ya mchanga,
Bi Sikujua yuko huko pia, safu nyingine.
Yote waliyoniachia ni urefu wa kidole cha kati.
Nimeupima.

Jioni Pazi akija nitamwambia mbao imeliwa na mchwa.
Uongo. Mninga hauliwi, naye hajui.
Meza yake nitaitoa kwenye mbao zangu,
kishika uchumba chake nitamrudishia.
Mlango huu nitaupeleka wapi, sijui.
Chumba changu kina mlango tayari,
na nyuma yake hakuna kitu,
rangi ya kijivu tu, na koti la mvua.